Duara Kwenye Faili

Mama huniuliza swali moja kila nikimweleza ninachofanya usiku: "Na hiyo nayo, mwanangu, italipa nyumba?"

Hailipi. Ni maktaba huria ya bayoinfomatiki, yaani rundo la msimbo wa kusoma na kuchambua herufi za jenomu, na yeyote anayeitaka ataichukua bure. Tuko watatu: mimi, rafiki yangu anayefanya utafiti wa mihogo, na jamaa mmoja anayejua seva kuliko anavyojua majirani zake. Tumepanga kwa miezi mitatu na hatujafikisha hata mistari mia. Wasee wanatucheka. Wacha wacheke.

Lugha tuliyochagua ni Haskell, iliyotoka mwaka 1990. Ni lugha ya fankisheni. Unaipa fankisheni kitu, inakurudishia kingine, na kile cha kwanza kinabaki kilivyokuwa. Ukiipa uzi mmoja wa DNA ikutengenezee mwenzake, A inakuwa T, C inakuwa G, kisha herufi zinapangwa kinyumenyume. Leo au mwaka ujao, jibu ni lile lile.

Lakini kilichonivuta zaidi ni aina. Katika Haskell kila kitu kina aina yake, na kompaila hukataa kuchanganya aina kabla programu haijaanza kazi. Bayolojia imeumizwa sana na michanganyo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina kama MARCH1 na SEPT1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Au chukua kuhesabu tu: faili za BED huanzia 0, za GFF huanzia 1. Zote ni namba, kwa hivyo ukizichanganya hakuna kitakacholia. Utapata jibu lililosogea herufi moja, na protini husomwa herufi tatu tatu, kwa hivyo kusogea moja ni kuharibu sentensi nzima. Kwetu hesabu hizo mbili zitakuwa aina mbili tofauti. Ukijaribu kuzijumlisha, kompaila itakusimamisha mlangoni.

Hapo ndipo rafiki yangu wa mihogo alipotuletea kesi yake. Virusi vya batobato, vinavyoenezwa na inzi weupe, vina jenomu ya DNA yenye vipande viwili, kila kimoja takriban herufi 2,800. Na kila kipande ni duara. Hakina mwanzo wala mwisho. Faili ya FASTA nayo ni mstari: alama ya >, jina, halafu herufi kutoka kushoto kwenda kulia. Ili duara liingie kwenye mstari, lazima ulikate mahali.

Wataalamu walikubaliana pa kukata. Virusi hivi vina maneno ambayo hayabadiliki, TAATATTAC, mahali ambapo virusi huanza kujinakili. Protini yao hukata DNA kati ya T ya mwisho na AC, na hesabu huanzia hapo hapo. Sasa fikiria: faili inaanza na AC na kuishia na TAATATT. Mwambie mgeni atafute TAATATTAC kwa kusoma mstari, atakwambia haipo. Alama muhimu kuliko zote imepasuliwa katikati, nusu iko mkiani na nusu kichwani.

"Mimi huunganisha kwa mkono," rafiki yangu alituambia. "Kila mara. Na mwanafunzi akija, namfundisha kuunganisha kwa mkono."

Tulinyamaza kidogo. Kisha tukafuta nusu ya mpango. Duara litakuwa aina yake yenyewe, na kutafuta ndani yake kutajua kuzunguka.

Kufuta kwenyewe kulitufaa. Tulikuwa tumeorodhesha mambo kama watu wanaojenga ghorofa: kulinganisha jenomu, kuchora miti ya ukoo, kila kitu. Lakini BLAST iko tangu 1990, na Biopython ilianza 1999. Haskell yenyewe ina BioHaskell. Hatuna haja ya kurudia kazi ya watu. Sasa mpango una ukurasa wa mambo ambayo hatutafanya, na ndio mrefu zaidi.

Uzuri wa lugha nao una bei yake. Maandishi ya kawaida ya Haskell hupangwa kama mnyororo, na kwenye mashine ya biti 64 kila herufi hula takriban baiti 24. Jenomu ya binadamu ina herufi kama bilioni 3, hiyo ni gigabaiti 72. Laptopu yangu ingezimia. Ukipakia baiti moja kwa herufi, ni gigabaiti 3. Kwa hivyo mnyororo hauingii, hata kama msimbo wake unapendeza kama shairi.

Ubishi mkali zaidi haukuwa wa kompyuta. "Nyinyi Haskell ni raha yenu," rafiki yangu alisema. "Mimi nina sampuli 96 Jumatatu, na bosi anataka majibu Ijumaa. Kwetu maabara hakuna hata mmoja anayeiandika." Alikuwa na haki. Kwa hivyo pamoja na maktaba tutatoa programu ndogo ya kuitwa kwa amri moja: unaipa faili, inakupa faili, na hulazimiki kujua ndani kuna lugha gani.

Halafu kuna suala la kesho. Intaneti imejaa miradi huria ambayo mtu wa mwisho kuigusa alipata kazi, au mtoto, akapotea. Tumeandika kwamba funguo za mradi zitakuwa na watu wawili kila wakati, na mmoja wao awe mtu anayeitumia, si anayeifurahia tu. Leseni ni BSD. Jamaa wa seva alitaka GPL, akasema wenye pesa watachukua na wasirudishe. Pengine. Mimi nataka mwanafunzi wa rafiki yangu aichukue bila kumuuliza wakili.

Jumamosi tunaanza kuandika. Jaribio la kwanza liko tayari: chukua duara, likate popote, herufi ya 1 au ya 1,400, kisha tafuta TAATATTAC. Lazima ionekane kila mara.