Kinu hakiondolewi mchi ukishuka



Kila mwezi vituo vyetu vya afya vinahesabu watoto waliochanjwa, wamama waliozaa na wagonjwa wa malaria. Hesabu hizo zinaingia katika DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, ambayo Wizara ya Afya ya Kongo inaitumia. Chini yake iko hifadhidata ya PostgreSQL, iliyoanza mwaka 1986 huko Berkeley, Marekani. Daftari la akiba la chama chetu nalo liko kwenye PostgreSQL, katika sava ndogo ya ofisi.

Kijana anayetutunzia sava alikuja kubadilisha maktaba moja. Hapa maktaba si nyumba ya vitabu. Ni faili la kazi zilizoandikwa tayari, ambalo sava inaliita inapolihitaji. Hili letu linaficha namba za siri za wanachama, na lilikuwa na kasoro. Lakini ilikuwa siku ya michango. Wamama wa Kabambare walikuwa wamefika kwa pikipiki, hawakutaka kufungiwa daftari. Tukabishana.

Akatueleza. PostgreSQL inampa kila anayeingia mtumishi wake. Mtumishi akishaita maktaba, anaishikilia mpaka atoke. Ukiandika maneno mapya ndani ya faili lile lile, ni kama kuchonga kinu wakati mchi unashuka: mtumishi anakuta mambo yasiyoeleweka, anaanguka. Mmoja akianguka hivyo, mkubwa wao anawasimamisha wote, anasoma kumbukumbu zake, kisha anaanza upya. Mchango uliokwisha kuthibitishwa unabaki; uliokuwa katikati unapotea.

Njia njema ni kuweka kinu kipya pembeni. Faili jipya linaandikwa kwa jina lingine, halafu linapewa jina la lile la zamani kwa mara moja. Anayetwanga anamaliza katika kinu cha zamani. Anayekuja nyuma anaanza na kipya. Lakini kwa muda vinu viwili vinatwanga pamoja, na kasoro haijaisha mpaka mtwangaji wa mwisho atoke. Tena kuna maktaba zinazoitwa sava inapoamka. Hizo hazibadiliki bila kuizima.

Basi tukapatana. Wamama wa Kabambare walipe kwanza, maana njia yao ni ndefu, na kila mmoja ashike risiti yake. Kisha nakala ya daftari ichukuliwe, watu watoke, faili libadilishwe, sava izimwe na kuwashwa. Tulingoja muda mfupi kuliko maji ya bugali kuchemka.

Tangu siku hiyo tunadai mambo mawili: saa ya matengenezo itangazwe mapema, na nakala ichukuliwe kwanza. Wamama, tuulize hivyo hivyo juu ya hesabu za watoto wetu. Anayetoka kijijini na mtoto mgongoni ana haki ya kujua kwamba chanjo ya mwanawe imeandikwa, na itabaki imeandikwa.