Paka, maziwa na digrii yangu

Jamani wadau, wiki hii usingizi sikuuona. Paka wangu, yule niliyemwokota Mtaa wa Swahili, Kariakoo, aliharisha siku mbili mfululizo. Mimi na digrii yangu nikazidi kumpa maziwa, eti apate nguvu. Kumbe maziwa ndiyo yaliyokuwa yakimvuruga tumbo! Jirani akaleta Panadol. Bahati nzuri nikampigia kwanza daktari wa mifugo. Akanifokea: paka ukimpa Panadol unamuua!

Dawa yake? Maziwa basi, maji safi muda wote, kuku wa kuchemsha bila chumvi, kidogo kidogo. Akiharisha damu, akitapika au akilegea, nimkimbize kwake. Mtoto wa mbwa akiharisha damu usisubiri hata saa moja, huenda ni parvo.

Leo asubuhi choo kigumu. Sijawahi kufurahia kinyesi namna hii!