Ukuta Usio na Saruji

Watu wengi hudhani kwamba jengo bora ni lile la saruji lililoezekwa mabati yang'aayo. Mimi niliye karani wa serikali hapa Muhoroni nalala katika nyumba ya namna hiyo, wala siidharau. Lakini mtu akiniuliza ni jengo gani lililonifundisha maana ya ufundi, sitamtajia ofisi wala kanisa. Nitamtajia Thimlich Ohinga.

Hayo ni maboma ya mawe yaliyo katika Kaunti ya Migori, nayo yalijengwa pengine katika karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na unene wa kadiri ya mita 1. Ajabu ni kwamba hapana saruji, wala chokaa, wala udongo ulioyashikamanisha mawe hayo, wala hayakuchongwa. Mafundi walipanga safu ya nje na safu ya ndani, wakajaza mawe madogo katikati, kila jiwe likilishikilia jirani yake. Malango waliyafanya mafupi, ili adui asiweze kuingia ila kwa kuinama. Ndani yalikuwamo makao ya watu na mazizi ya ng'ombe. Wa kwanza walipohama, wengine walikuja, wakatengeneza palipobomoka, wakakaa. Hivyo maboma yakarithiwa na watu wa makabila mbalimbali hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Serikali ya Kenya iliyatangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981, na mwaka 2018 UNESCO ikayaandika katika Urithi wa Dunia. Lakini maboma ya namna hii katika sehemu zile ni zaidi ya 500, na mengi hayana mlinzi ila mwenye shamba.

Hapo ndipo jambo hili linaponigusa. Katika shamba la ukoo wetu yamesalia mabaki ya ukuta kama huo. Baba yangu mdogo ataka uvunjwe, mawe yawe msingi wa nyumba ya mwanawe anayekaribia kuoa. Aliniambia, "Mwanangu, wafu hawahitaji ukuta, na aliye hai hana pa kulala." Maneno yake si ya kipumbavu, mawe ya kununua ni ghali, na kijana hawezi kungoja. Nilimjibu kwa heshima kwamba anayeomba ukuta usivunjwe yampasa kuulipia. Basi nimeahidi kununua mawe ya msingi kwa mshahara wangu, ingawa nyumba ninayoijenga nyumbani itakosa dari mwaka huu.

Hajanijibu bado. Nanyi wasomaji mlio na mabaki kama hayo mashambani, kabla ya kuinua nyundo wapelekeeni habari Makavazi ya Kitaifa. Mawe ya msingi hupatikana machimboni. Waliojua kuupanga ukuta ule hawapatikani tena.