Majaji wakijificha, hesabu inawasaka

Wasee, hii michezo ya kuteleza kwenye barafu ina siasa noma. Olimpiki ya Salt Lake City, 2002: Warusi wawili walipata dhahabu kwa kura 5-4, jaji wa Ufaransa akasema alishinikizwa, kisha akakana. Wakanada nao wakapewa dhahabu yao. Dawa ya wakubwa? Kuficha nani alipeana alama gani, ati majaji wasipangane. Zii!

Hesabu ya kuwashika hata mimi niliyeacha chuo naielewa: linganisha alama za mtelezaji jaji wa nchi yake akiwa mezani, na asipokuwepo. Mwanauchumi Eric Zitzewitz aliipiga. Upendeleo ulikuwa umepanda kidogo. Majina yalirudishwa 2016, na hadi hapo shabiki hakujua amkasirikie nani.