Sagana, na Chambo Kisichogharimu Kitu

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nyeri, akiisha kuzipita Thika, Kenol na Makutano, huwasili Sagana baada ya mwendo wa kilometa 100 hivi. Hapo mashamba ya mpunga ya Mwea yamebaki upande wake wa kulia, na mbele yake miteremko ya Mlima Kenya inaanza kupanda. Mji wenyewe si mkubwa. Ni mahali pa njia kukutana: moja yatoka Murang'a, nyingine yapanda Kagio na Kerugoya, na njia kuu yaendelea Karatina, reli ya Nanyuki nayo yapita papo hapo. Mto wa hapa huitwa Sagana, ambao ukiisha kupokea maji mengine ya Mlima Kenya na ya Nyandarua huitwa Tana, na kwa jina hilo hufika baharini.

Jina la Sagana lilisikika duniani kote mwezi wa Februari 1952, kwa sababu ya nyumba aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth iwe zawadi ya arusi yake ya mwaka 1947, ambamo aliambiwa kwamba baba yake amefariki. Lakini nyumba hiyo, ambayo sasa ni mali ya Serikali ya Kenya, iko mbali huko juu upande wa Kiganjo, karibu na msitu, penye maji baridi ya trauti. Mji wa Sagana ni wa samaki wa maji ya vuguvugu, na habari hii ni yao.

Mwaka 1948 vilianzishwa vituo viwili vya samaki katika nchi hii ya mlima: Kiganjo kwa ajili ya trauti, na Sagana kwa ajili ya perege, ambao Wakenya wengi huwaita tilapia, pamoja na wenzao wapendao joto. Mahali palichaguliwa vema. Sagana i juu ya bahari kiasi cha meta 1,230, maji huteremka yenyewe kutoka mlimani, na udongo wake mweusi ukiisha kushiba maji huyashika kama chungu.

Ila kazi haikuwa kuchimba mabwawa tu. Wakikuyu wa zamani hawakula samaki, na wako wazee waliofikwa na kifo pasipo kuonja hata mmoja. Katika miaka ya 1960 Serikali ilifanya bidii kubwa ya kuwahimiza watu wale samaki na kuwafuga. Tena mwaka 2009 ilitoa fedha wachimbiwe wakulima mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi miongoni mwa majimbo 140. Mabwawa mengine yalikauka na mengine yaliota magugu, lakini desturi ya kula samaki haikurudi nyuma. Leo mtu akishuka garini Sagana saa ya chakula cha mchana hukuta samaki wa kukaanga wakimngoja, na wale wawalao ni wajukuu wa wale waliowakataa.

Miongoni mwa samaki wageni wa Kenya yuko mmoja ambaye wavuvi wa kujifurahisha humtafuta sana, naye ni besi wa kinywa kikubwa. Asili yake ni Marekani ya Kaskazini. Alitiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929, na baadaye akapelekwa katika mabwawa mengi ya mashamba ya nyanda za juu. Mgongo wake ni wa kijani, ubavuni ana mstari mweusi, na kinywa chake ni kipana hata taya hupita nyuma ya jicho. Hula samaki wadogo, vyura na wadudu, na huko Naivasha hula pia kamba wekundu wa Louisiana walioletwa ziwani mwaka 1970. Donge la ugali, ambalo humpendeza perege, yeye hulipita bila kulitazama. Ataka kitu kiendacho.

Mkulima wa perege naye ana sababu ya kumjua. Perege huzaa upesi kupita kiasi, hata bwawa likajaa visamaki vya urefu wa kidole visivyokua kwa kukosa chakula. Samaki mla wenzake akitiwa humo kwa kiasi, hupunguza watoto, na waliobaki hunenepa. Kazi hiyo yaweza kufanywa na kambare, na yaweza kufanywa na besi. Lakini besi wakizidi, au wakitiwa mapema kabla perege hawajakua, mwenye bwawa atakuta amefuga simba katika zizi la mbuzi. Ndipo kujua namna ya kumvua besi kunapokuwa kazi ya shamba, wala si mchezo wa Jumapili peke yake.

Sasa karani wa Karatina au mwalimu wa Kagio atakaye kumvua samaki huyu huenda dukani Nairobi, na huko huona vyambo vya kuigiza vilivyopangwa kama vito: visamaki vya rangi kumi, vyenye macho, vyenye magamba ya kung'aa. Bei ya kimoja huweza kupita ujira wa kibarua wa siku nzima. Hurudi nyumbani na kimoja tu mfukoni, akiwa na hofu ya kukipoteza. Hofu hiyo ndiyo imharibiayo uvuvi.

Kwa maana besi hakai mahali palipo wazi. Hukaa chini ya kivuli, kando ya kisiki, ndani ya mafunjo, penye tawi lililoangukia majini. Hapo hungoja mpaka kitu kipite, akatoka kwa ghafula. Mvuvi mwenye chambo cha thamani hutupa mbali na kisiki ili kisinase, naye huvua maji matupu. Mwenzake aliyejitengenezea vyambo sita kwa mkebe wa mafuta hutupa katikati ya matawi, hupoteza viwili, na jioni ana samaki. Watu husema amebahatika. Hakubahatika, alikuwa na kitu ambacho aliweza kukipoteza.

Tena besi hajui bei. Amtambuapo windo, hulitambua kwa mambo mawili. La kwanza ni macho, ambayo huona umbo, mng'aro na mwendo. La pili ni mstari wa hisi upitao ubavuni mwake toka kichwani hata mkiani, ambao humwezesha kusikia mtikisiko wa maji hata gizani na katika matope. Kitu kitikisikacho kama samaki aliyejeruhiwa humwita. Magamba yaliyochorwa kwa ustadi, na jicho lenye mboni, mara nyingi huwekwa ili kumnasa mvuvi aliyeko dukani.

Historia ya vyambo yenyewe yashuhudia jambo hilo, maana vingi vilivyo maarufu vilizaliwa katika nyumba za watu wasio na fedha. Lauri Rapala alikuwa mvuvi maskini wa Ufini. Mwaka 1936 alichonga gome jepesi kwa kisu cha fundi viatu, akalifunika kwa karatasi ya kung'aa iliyofungiwa chokoleti, na kwa kukosa rangi ya vanishi akayeyusha picha hasi za kamera akalipaka. Alikuwa amewatazama samaki wakubwa, akaona kwamba katika kundi zima la visamaki humfuata yule mmoja aendaye upande upande. Basi alichonga chambo kiende vivyo hivyo. Mwaka 1962 gazeti moja kubwa la Marekani liliandika habari zake, na tangu hapo jina lake limeenea kote wavuliwako samaki. Kabla yake, huko Marekani, Julio Buel alipata hati ya Serikali mwaka 1852 kwa chambo cha umbo la kijiko. Husimuliwa kwamba fikira hiyo ilimjia alipodondosha kijiko cha chakula ziwani, akaona samaki akikirukia kikizama. Kisa hicho huenda kimetiwa chumvi, lakini kijiko bado chavua.

Na kijiko ndicho cha kuanzia. Kijiko kikuukuu cha chai hukatwa mpini, kikalainishwa kwa tupa mahali palipokatwa, kikatobolewa tundu moja kila ncha. Tundu la mbele hupokea pete ya waya, na la nyuma hupokea ndoana. Kikivutwa majini huyumba na kumeta. Kisipoyumba, na kipindwe kidogo zaidi. Kifuniko cha soda hufaa pia: hukunjwa kati mpaka kingo zake zikutane, na ndani yake hutiwa vipande viwili vya risasi au vijiwe kabla ya kukifunga, ili kilie kikitikiswa. Chambo hiki ni kibaya kukitazama. Katika maji ya bwawa yaliyochafuka baada ya mvua za Aprili huvua vizuri kuliko vingine, kwa sababu samaki hukisikia kabla hajakiona.

Chambo cha kuelea chahitaji kitu chepesi, na hapa wenyeji wa upande wa Makuyu wamepata neema, kwani nchi yao ni ya mkonge. Shina la ua la mkonge likikauka huwa jepesi sana, nalo huchongeka kwa kisu cha jikoni. Hukatwa kipande cha urefu wa kidole, kikachongwa mfano wa samaki, kikapitishwa waya katikati toka mdomoni hata mkiani ili ndoana isichomoke samaki akipigana. Kisha hupakwa rangi ya kucha ya akina mama, mapako mawili au matatu, ili maji yasiingie. Mdomo ukikatwa wima na kufukuliwa kidogo, chambo hubwabwaja juu ya maji kama chura kila kivutwapo, na saa ya machweo besi hukirukia kwa kishindo.

Mnyoo wa kuigiza nao una asili ya jikoni: Nick Creme wa Ohio alianza kuupika wa plastiki nyumbani kwake mwaka 1949, na leo huuzwa kwa mamilioni. Asiyeupata na akate ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa baiskeli, urefu wa shubiri moja, akauchome ndoana mwanzoni na kuuacha mkia ucheze. Huvutwa polepole chini kabisa, ukiruka na kutulia. Wengi hukosa uvumilivu hapa. Besi mara nyingi huuchukua wakati umetulia, na mvuvi huona tu mshipi ukienda kando.

Yako mambo mawili ambayo ubahili ndani yake ni hasara. Ndoana na iwe mpya na kali, maana mdomo wa besi ni mgumu. Na mshipi uwe mzima, usiokaa juani dirishani mwaka mzima. Fedha iliyookolewa kwenye chambo na iende huko. Ufito waweza kuwa mwanzi.

Saa nzuri ni alfajiri na jioni. Katika mabwawa ya juu, ambako asubuhi kuna baridi, chambo kiende polepole, kwa kuwa damu ya samaki hufuata joto la maji naye hana haraka. Huko Naivasha saa hizo hizo ni za viboko, ambao wamewaua wavuvi wengi, na hapana samaki astahiliye kusimamiwa majini gizani mbele yao.

Besi dume hufagia kiota mchangani, akayalinda mayai na watoto mpaka waweze kwenda wenyewe. Wakati huo hurukia kila kitu kisogeacho, naye huvuliwa kwa urahisi wa aibu. Akiondolewa, watoto huliwa kwa muda mfupi. Mwenye bwawa atakaye kupunguza besi huo ndio wakati wake. Atakaye wabaki, na amrudishe majini upesi.

Liko jambo moja zito zaidi. Wako watu waliobeba besi hai katika ndoo kutoka bwawa hili hata mto ule, wakidhani wanaitajirisha nchi. Samaki wadogo wa mito yetu hawakuumbwa pamoja na mla samaki wa namna hii. Katika Ziwa Naivasha alikuwamo samaki mmoja tu wa asili, mdogo mno. Alionekana mara ya mwisho mwaka 1962, na besi yumo katika orodha ya washitakiwa. Basi kuhamisha samaki hai kwahitaji idhini ya ofisi ya samaki, na kuvua kwa kujifurahisha kwahitaji cheti. Kituo cha Sagana kingali kipo, na maofisa wake wamezoea kuulizwa maswali na wakulima.

Chambo kingine cha bei rahisi ni nzi wa kuigiza, afungwaye kwa uzi, unyoya wa kuku na manyoya ya mbuzi juu ya ndoana. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazojulikana kwa kazi hiyo: nzi hufungwa kwa mkono, wengi na wanawake, kwa ujira wa kila dazeni, wakapelekwa Ulaya na Marekani, ambako huuzwa mmoja mmoja. Mabaki ya meza moja ya mfungaji, nyuzi na vinyoya vifagiliwavyo jioni, yangetosha kumvulisha mkulima wa Sagana msimu mzima. Wengi wa wafungaji hao hawajapata kushika ufito wa kuvulia.