Mtoto wa Mbwa Mwenye Kichwa Kigumu

Mtoto wa mbwa akikojoa ndani ya nyumba, majirani wasema maneno mawili: "Huyo ni mkaidi," na tena, "Mpigeni." Katika nyumba yetu, hapa Lubumbashi, tulilikataa neno la pili. Nataka kuwaeleza sababu, maana labda kwenu pia yuko mbwa wa namna hiyo.

Shemeji yangu alituletea mbwa huyo akiwa na miezi miwili. Tulimwita Bobi. Bibi yangu alimtazama, akasema: "Baba, nampa mwezi mmoja. Mjukuu wetu anatambaa chini na kutia kila kitu kinywani. Mwezi ukiisha, na mbwa huyu hajajua pa kwendea haja, atarudi alikotoka." Hayakuwa maneno ya hasira tu. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo mwilini, kwani huipata kwa mama yao. Mayai ya minyoo hiyo hutoka katika mavi, na baada ya siku kadhaa huweza kumwambukiza mtoto achezaye chini. Basi ilikuwa lazima Bobi ajifunze, au aondoke.

Mganga wa wanyama alimpa dawa ya minyoo, kisha akatufundisha hivi. Mbwa hapendi kuchafua mahali anapolala. Watoto wa mbwa huzaliwa vipofu, na mama yao huwalamba na kuondoa uchafu wao wote. Wakitimiza majuma matatu hivi, wakiweza kutembea kidogo, wenyewe hutoka penye malalo yao wapate kujisaidia kando. Sheria hiyo imo ndani yao tayari. Lakini kwa mbwa mdogo nyumba ya mtu ni kubwa mno. Ajua ya kuwa gunia lake ni malalo. Hajui ya kuwa sebule na chumba chenu ni malalo vilevile. Kazi yetu ni kuyapanua malalo hayo pole pole, mpaka yafike mlangoni.

Je, twayapanuaje? Twaanza na sanduku. Seremala wa mtaa alitutengenezea moja la mbao, lenye nafasi za kupitisha hewa na mlango mdogo. Kipimo chake ni hiki: mbwa aweze kusimama, kujigeuza na kulala amejinyosha. Basi. Likizidi, atalala pembe moja na kukojoa pembe nyingine. Tulitandika gunia kuukuu ndani yake, tukaliweka karibu na kitanda chetu, mbali na jua na moto. Siku za kwanza hatukufunga mlango. Tulimtupia kipande cha bukari ndani, naye akaingia na kutoka apendavyo. Baadaye tulifunga kidogo anapokula, na mwisho usiku.

Tena, mbwa mdogo hawezi kujizuia muda mrefu. Kwa kukadiria, mwezi mmoja wa umri ni saa moja. Basi wa miezi miwili, saa mbili. Kumfungia kutwa ni kumlazimisha kuvunja sheria yake mwenyewe, na akizoea kulala katika uchafu, kumfundisha huwa kazi kubwa sana. Kwa hiyo tuligawana zamu: alfajiri mimi, baada ya chakula bibi yangu, baada ya mchezo kitinda mimba wetu, na usiku wa manane mimi tena.

Hapo ukaidi ulionekana. Bobi alipelekwa kwa kamba chini ya mpapai, mwisho wa lupango. Akanusa, akatazama kuku, akaketi. Aliporudishwa ndani tu, akakojoa nyuma ya mlango! Jirani mmoja akasema: "Msugueni pua katika mkojo wake." Sivyo. Mbwa huunganisha adhabu na kile anachokifanya dakika ile ile. Ukimpiga kwa jambo lililopita, ajifunza neno moja tu, kukuogopa wewe. Kesho atakojoa chini ya kitanda usimwone, nawe utasema amekuwa mjanja.

Sisi tulifanya hivi. Tulisimama naye chini ya mpapai dakika tano, bila mchezo. Asipojisaidia, alirudi sandukuni. Baada ya robo saa tulitoka tena. Akikojoa nje, palepale alisifiwa na kupewa ndakala mmoja, kisha akaachwa huru nyumbani kwa muda. Na mahali alipochafua ndani tulipaosha kwa sabuni, halafu kwa siki, maana harufu ikibaki humwita arudi.

Bibi yangu alitia alama ya kila kosa kwa makaa, ukutani jikoni. Juma la kwanza alama zilikuwa 19. La pili 11. La tatu 12, na shemeji akaitwa aje. La nne zilikuwa 3. Shemeji alipofika, kamba i tayari mlangoni. Bibi yangu alizihesabu alama mara mbili, akaikunja kamba, akasema: "Anayejifunza hafukuzwi. Abaki."

Wengine wasema mbwa wetu wa kienyeji hafundishiki, ati ni mbwa wa Wazungu tu awezaye kukaa ndani. Lakini mbwa wa misitu ya Kongo, yule asiyebweka, afungwaye njuga ya mti anapowinda, alionyeshwa London mwaka 1937, na leo watu wa Ulaya na Marekani humfuga nyumbani. Wamwita basenji, jina lililo ndugu wa neno "mshenzi". Kumbe asifiwa huko kwa usafi, kwani hujilamba mwili kama paka! Nao wasema pia ana kichwa kigumu.

Sasa Bobi ana miezi sita. Hulala sandukuni mlango ukiwa wazi, na akitaka kutoka hukwaruza mlango wa nyumba. Msilifanye sanduku kuwa gereza. Msimtie mbwa humo kwa hasira hata mara moja. Na akichafua ndani, kabla ya kutafuta fimbo, itazameni saa: alitolewa nje lini mara ya mwisho?