Maji ya Paa Langu

Nilimkosea jirani yangu, na kosa lenyewe lilianzia juu ya paa. Ningeweza kumtwika lawama fundi, au mvua, au bei ya vifaa. Lakini fundi alifanya nililomwagiza, mvua ilinyesha kama inavyonyesha kila masika, na bei niliichagua mwenyewe. Aliyekosa ni mimi.

Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa iliyobebwa na boriti za mikoko, na vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali, kama mita 3 tu. Ukuta wa mashariki twashirikiana na jirani. Nyumba yake imetupita kwa ghorofa moja, kwa hivyo ukuta huo unapanda juu ya paa letu, na ndani yake ndimo zilimochomekwa boriti za chumba anacholala.

Paa la mabati tulilikuta. Bati la migongo lilipewa hataza London mwaka 1829, na njia ya kulipaka zinki ikapata yake Ufaransa mwaka 1837. Enzi za ukoloni likatanda juu ya nyumba zetu nyingi zilizokuwa na paa la makuti au la sakafu ya chokaa. Bati la babu lilikuwa zito, limeota kutu, na lilimwaga maji upande wa magharibi, kwenye kichochoro. Mwinuko wake ulikuwa mkali. Nikiwa mtoto niliuona kama upotevu wa mbao.

Nilipoamua kuezeka upya, fikira yangu ilikuwa maji. Mombasa tumezungukwa na bahari na mifereji hukauka siku kadha wa kadha. Nilitaka kukinga mvua kwenye tangi, na nafasi ya tangi ilikuwa nyuma, upande wa jirani. Nikamwambia fundi aligeuze paa: limwage mashariki, kwenye gata itakayolala kando ya ukuta wa pamoja. Ili nipunguze mbao na mabati, nikamwambia pia alilaze. Kisha nikaenda Mwembe Tayari kununua mabati ya geji 32. Nilijua kuwa geji kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Nilijua pia kuwa zinki ndiyo inayoliwa kwanza na chumvi ili chuma kisiliwe, na kwamba palipo na zinki haba, kutu haikawii, sembuse kisiwani. Nilinunua hivyo hivyo, nikajiambia nitapaka rangi baadaye.

Siku ya pili ya kazi alipita mzee mmoja wa mtaani, fundi wa zamani aliyekwisha kuacha kupanda ngazi. Alisimama kichochoroni, akatazama juu kwa muda mrefu.

“Mwanangu, mwaanzia wapi kulaza bati?”

“Huku, mzee wangu. Upande wa kusini, ngazi iko huku.”

“Anzeni kaskazini. Bati la pili hulilalia la kwanza, na mdomo wake huangalia lilikoanza. Mkianza kusini, midomo yote yaikabili Kusi. Na pale ukutani usitie saruji.”

Nilimshukuru kwa adabu na sikubadilisha kitu. Mabati 6 yalikwisha kupigiliwa, na kuyang’oa ni hasara. Pale bati lilipokutana na ukuta wa jirani, fundi aliuliza tufanyeje. Nikamwambia aweke saruji, aijaze vizuri. Nilitaka kazi iishe kabla ya mvua.

Jambo jingine sikulifanya. Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa kisheria, na anayetaka kubadilisha nyumba yake hapitii kwa fundi peke yake. Kuna ofisi ya uhifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa. Sikwenda. Nilihofia kucheleweshwa. Leo naamini kwamba mtu yeyote mwenye ujuzi, ofisini au barazani, angeliuliza swali moja: maji haya yakizidi gata, yatakwenda wapi?

Masika ya kwanza yalijibu. Upepo wa Kusi ulisukuma mvua chini ya midomo ya mabati, na kwa kuwa paa limelala, maji hayakuwa na haraka ya kuteremka. Kwangu yalidondoka kidogo. Kwa jirani yalifanya kazi kubwa zaidi. Bati hutanuka juani na kusinyaa usiku, kila siku ya Mungu. Saruji haitanuki nalo. Ile saruji ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho wa ukuta. Maji yaliingia humo, na yakishaingia hayakuwa na pa kutokea. Ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyapumua. Ukifunikwa kwa saruji hubaki nayo tumboni.

Mwezi wa 5 jirani aliniita. Ni mama wa makamo ya mama yangu, aliyenilea nusu ya utoto wangu.

“Ndoo uone, mwanangu. Ukuta wangu walia.”

Nikaona. Chokaa imevimba, chumvi nyeupe imetoka kama unga, na pale boriti inapoingia ukutani pana doa jeusi. Niliutambua mstari ule papo hapo. Ulikuwa sambamba na gata yangu. Nikasema, “Huenda ni bomba lako la juu, bibi. Mwite fundi aliangalie.”

Maneno hayo ndiyo ninayoyaungama leo. Paa lilikuwa ujinga na ubahili. Maneno yale yalikuwa uongo. Alimwita fundi wa mabomba, akamlipa kwa pesa zake, na bomba halikuwa na kasoro. Mimi nilipaka lami juu ya ufa usiku usiku, nikanyamaza miezi kumi. Nilipokutana naye mlangoni nilimwamkia na kupita haraka. Twafundishwa tangu chuoni haki ya jirani ilivyo nzito, nami niliitikia salamu zake huku maji yangu yakiozesha boriti zake.

Masika ya pili kipande cha dari kilianguka juu ya kitanda chake. Ilikuwa baada ya alfajiri, naye alikuwa amekwisha kuamka, anasali chumba cha pili. Nilisikia kishindo. Nilipofika nilikuta mawe na chokaa juu ya mto. Hapo ulimi ulifunguka. Nikamwambia yote: gata, saruji, mzee aliyenionya, na kwamba nilijua siku ile aliponiita. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, “Basi tengeneza,” akaenda kuchemsha chai.

Nilimtafuta yule mzee, akakaa kwenye kiti kichochoroni na kuamuru. Paa likarudishiwa mwinuko wake, likamwaga magharibi kama zamani. Bati nene, likaanzwa kulazwa kaskazini. Ukutani saruji ikang’olewa yote. Bati likakunjwa na kupandishwa kama shubiri moja, na juu yake likatokeza bati jingine lililochomekwa kwenye mfuo wa ukuta, ili la chini litanuke na kusinyaa bila kuvuta kitu. Boriti 2 za jirani zikabadilishwa, na ukuta wake ukaachwa ukauke miezi kabla ya kupakwa chokaa. Maji ya tangi sasa huja kwa bomba refu kutoka upande wa kichochoro. Lingewezekana tangu mwanzo kwa gharama ya bomba hilo tu.

Misimu miwili imepita na ukuta ni mkavu. Lakini kila mvua ya kwanza inaponyesha, dirisha langu likiwa wazi, nasikia jirani akivuta beseni lake la bati sakafuni na kulitega chini ya mahali pale. Halidondokewi na kitu. Sijapata kumwambia aliondoe, wala sina haki ya kumwambia.